Pikipiki ya zamani imekataa kuwaka: tafuta ugonjwa kwanza, spea baadaye

Huku kwetu kutoka Kisumu mpaka Busia si ngumu kupata pikipiki imelala nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwa kiti, mti umeanza kuota katikati ya spoki. Ilikuwa ya mwalimu mkuu ama afisa wa kilimo, na sasa mjukuu ameambiwa aichukue bora aitoe hapo. Anapanguza vumbi, anatia petroli, anapiga kiki mpaka jasho, kimya. Kesho yake yuko spea shop ananunua kabureta, keshokutwa CDI (kile kiboksi cha umeme kinachorusha moto kwa plagi), wiki ijayo koili, na bado kimya.

Hiyo style ndio inamaliza watu pesa. Pikipiki iliyolala kwa kawaida haijafa, imeziba, imeshika kutu kwa waya, ama kuna mdudu amejenga mahali. Injini inataka moto kwa plagi, mchanganyiko wa petroli na hewa, na kompresheni (pistoni kubana huo mchanganyiko), basi. Ukizipima hizo tatu moja baada ya nyingine utajua mwenye makosa ni nani kabla hujatoa shilingi.

Nitaongea zaidi kuhusu Honda CG125 manake Honda waliitoa 1976, injini yake ikakopiwa sana na viwanda vya Uchina, na ndio maana mpaka leo ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu ama spea shop yoyote mtaani hukosi pistoni wala gasketi yake. Kama yako ni tu-stroki, Yamaha DT ama Suzuki TF, mambo ya moto na kabureta ni yale yale, lakini haina valvu kwa hedi na oili inachomeka pamoja na petroli, kwa hivyo pahali nasema valvu wewe pita tu.

Kitu kimoja kabla hujashika spana: linganisha namba ya chasisi kwa shingo ya pikipiki na ile iko kwa logbook. Zisipofanana usitengeneze hata tairi, utakuwa unatengenezea polisi.

Na nyingine ya skrubu. Zile skrubu za nyota kwa kava ya injini na kwa kikombe cha kabureta ni za Kijapani, shimo lake si sawa na nyota yetu ya kawaida, bisibisi inakaa juu juu, inateleza, inakula kichwa, alafu unabaki na skrubu haitoki hata ukiiombea. Tafuta bisibisi ya JIS (kipimo cha Kijapani) ama ile ya kugongwa na nyundo, mwagia oili ya kulainisha kutu usiku, asubuhi gonga kidogo ndio ufungue.

KIKI IMEKWAMA, HAISHUKI HATA KIDOGO

Usipande juu yake na miguu miwili. Utavunja giya za kiki na hiyo ni kufungua injini yote. Weka nyutro, toa plagi, jaribu tena polepole na mkono. Kama sasa inashuka na inatema petroli kwa shimo la plagi, basi koki ya tangi ilikuwa inavuja ikajaza silinda. Nusa oili ya injini. Ikinuka petroli imwage yote, usiwashe na hiyo, haina utelezi na beringi zitalia mara moja.

Kama hata bila plagi haisongi, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Changanya ATF, ile oili nyekundu ya giyaboksi za otomatiki, na mafuta ya taa nusu kwa nusu, mwaga vijiko kadhaa kwa shimo la plagi, uiache siku kadhaa ukiongezea. Alafu weka giya ya juu kabisa na uisukume mbele nyuma, mbele nyuma, taratibu, gurudumu la nyuma ndilo lisukume pistoni. Giya ya juu ndiyo inakupa nguvu zaidi kwa pistoni, kwa hivyo usilazimishe. Ikiachia, toa hedi uangalie ukuta wa silinda. Pitisha kucha. Kucha ikikwama kwa mstari wa kutu, hiyo inaenda kuboriwa na kuwekwa pistoni ya saizi kubwa, hakuna oili ya chupa itaponya, hata muuzaji akuambie nini.

KIKI INASHUKA LAKINI HAKUNA MOTO KWA PLAGI

Toa plagi, irudishe kwa kofia yake, ilaze chuma yake iguse hedi, mbali na shimo la plagi manake petroli inayotoka hapo inaweza kushika. Fanya hii kivulini. Piga kiki. Moto mzuri ni wa bluu na unausikia ukilia, ule wa manjano mwembamba ni wa kukudanganya, nje unauona lakini ndani ya kompresheni unazimika.

Hakuna? Anza na vitu vya bure. Swichi ya kuzima kwa hendo, wengi wanaisahau. Plagi nyingine unayojua inafanya, CG inatumia D8EA na pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Kisha kofia ya plagi yenyewe. Izungushe itoke kwa waya, uangalie ncha. Kwa pikipiki iliyokaa kwa unyevu wa hapa ziwani utakuta nyuzi za kopa zimegeuka kijani na zinavunjika ukizigusa. Kata kama nusu sentimita mpaka uone kopa inang'aa, zungushia kofia tena, ujaribu. Hiyo peke yake imefufua pikipiki nyingi ambazo wenyewe walikuwa washaambiwa koili imeungua.

Bado? Sasa kuna waya nyeusi iko na mstari mweupe, kwa Honda na zile zimeikopi hiyo ndio ya kuzima. Kwa mashine za AC kazi yake ni kupeleka moto kwa chasisi, injini ife. Chomoa hiyo waya kwa CDI, funga ncha na tepu isiguse chuma, piga kiki. Moto ukirudi basi CDI ni nzima, koili ni nzima, ubaya uko kwa swichi ya funguo ama waya imechubuka mahali inagusa fremu. Lakini kumbuka ukiwasha hivyo huna njia ya kuzima kwa funguo, utazima na giya na breki.

Sasa CDI. Hapa ndio pesa za watu zinapotelea. Kuna CDI za AC na za DC, zinafanana umbo, wakati mwingine hata soketi inaingiana. Ya AC inapata umeme wake kwa koili iliyo ndani ya magneto (lile gurudumu la sumaku kando ya injini), kwa hivyo pikipiki inawaka hata bila betri. Ya DC inakula umeme wa betri, betri ikikufa hakuna moto. Ukichomeka ya DC kwa mashine ya AC hutaona moto, na utarudi dukani kulalamika umeuziwa kitu feki na wala si feki. Beba ile ya zamani mkononi, na uulize AC ama DC kabla hujauliza bei. Kama muuzaji hajui tofauti, omera, enda duka linalofuata.

CG za kwanza kwanza hazina CDI kabisa, ziko na platina, ncha mbili za chuma zinazofunguka na kufunga kukata umeme, nyuma ya magneto. Hizo ukilaza zinashika ukungu mweusi kwa uso. Pitisha msasa laini sana, panguza na karatasi iliyo na thina kidogo, weka pengo la milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa zimefunguka mwisho. Zikianza kurusha cheche kubwa zenyewe kwa zenyewe, kondensa imekwisha.

MOTO UPO, KIKI IKO NGUMU VIZURI, NA BADO HAISHIKI

Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwaga. Ilegeze koki ikiwa wazi. Petroli ikimiminika bila kukatika, tangi na koki ni sawa. Ikitoka matone, anza juu: fungua kifuniko cha tangi, kama sasa inamiminika basi tundu la hewa kwa kifuniko limeziba. Kama bado, chujio ya koki imejaa kutu.

Petroli ya zamani iharibike isiharibike wewe mwaga. Ikikaa miaka inanuka vanishi na injini haiwaki nayo vizuri, lakini kiberiti bado kinaweza kuiwasha, kwa hivyo usijaribu. Tangi ukimulika ndani ukaona kutu nyekundu, jaza siki ya dukani, tupia nati kadhaa ama kipande cha cheni ya zamani, tikisa, acha siku nzima, mwaga, suuza na maji yenye magadi soda, anika juani mpaka ikauke kabisa alafu papo hapo zungushia petroli na oili kidogo, manake chuma tupu inashika kutu tena hata kabla ya jioni. Tangi iliyotoboka usiipeleke kwa mtu wa weldingi hivi hivi. Petroli ikiisha mvuke unabaki, na huo mvuke ndio unalipuka. Apatiwe ikiwa imejazwa maji mpaka karibu na pale anachoma, ama utafute nyingine.

Kabureta yenyewe ifungue juu ya sahani nyeupe ili kitu kikianguka ukione. Kuna jeti mbili za shaba. Kubwa ni ya mwendo, ndogo ndiyo ya kuwashia na ya kunguruma bila kugusa aksileta, na hiyo ndogo ndiyo inaziba, tundu lake ni jembamba kama unywele. Iinue uangalie mwanga wa jua. Usipoona nukta ya mwanga, imeziba, na mara nyingi ni ile gundi ya kijani petroli imeacha ikikauka. Loweka kwa thina, kisha chukua uzi mmoja wa kopa kutoka kwa waya ya stima, pitisha taratibu. Usitumie sindano wala waya ya breki, chuma inapanua tundu na hutawahi kuipata vizuri tena. Puliza pia njia zote za mwili wa kabureta na pampu, zikiwa hazina mipira, kwa macho yako ukiona hewa inatokea upande wa pili.

Kabla hujatoa ile skrubu ya pembeni, ikaze mpaka mwisho ukihesabu imezunguka mara ngapi, uandike. Ikiwa iko upande wa filta ya hewa basi ni ya hewa, ukiilegeza mchanganyiko unapungua petroli. Ikiwa upande wa injini ni ya petroli, ukiilegeza unaongeza. Watu wawili wanaweza kukupa ushauri tofauti kabisa na wote wako sawa, shida ni kabureta zao si moja.

Na kama moto uko, petroli iko, kompresheni iko, na bado? Weka mkono nyuma ya ekzosti mtu akipiga kiki. Unafaa kuskia hewa ikipiga kiganja. Kama hakuna, kuna nyigu wale wa udongo wamejenga ndani, wanapenda sana tundu la ekzosti. Injini isipopumua nje haiwezi vuta ndani. Ingiza waya ngumu, vunja, gonga ekzosti ikiwa imetolewa, mwaga. Upande wa pili fungua boksi ya filta ya hewa, panya nao wanahamia hapo na maganda ya mahindi na vipande vya gunia, na mkojo wao unakula aluminiamu.

INAWAKA NA CHOKI, UKIITOA INAZIMA

Hewa imezidi petroli. Ama jeti ndogo bado imeziba nusu, ama kuna hewa inaingia kisirisiri kati ya kabureta na hedi. Hapo kuna plastiki nyeusi na ringi za mpira, na mtu alikaza nati sana kitambo mpaka uso wa kabureta ukapinda. Injini ikinguruma nyunyizia maji kidogo hapo kwa joint. Mlio ukibadilika, umepata. Weka ringi mpya, na uso ukiwa umepinda usugue juu ya kioo na msasa mpaka ulale sawa. Usikae ukiendesha na choki miezi, plagi itajaa masizi na petroli itasafisha oili kwa ukuta wa silinda.

INATEMBEA VIZURI KIDOGO ALAFU INAKUFA

Hii inasumbua manake ikipoa inawaka tena. Dawa ni kuangalia palepale imezima, si baada ya kupumzika. Fungua kifuniko cha tangi haraka, ukiskia inavuta hewa shwaa, tundu la kifuniko. Legeza skrubu ya kikombe, kama hakuna petroli rudi kwa koki. Petroli ikiwepo, toa plagi uangalie moto ikiwa bado moto moto. Moto umepotea? Basi koili fulani inakatika ikishapata joto, ya plagi ama ile ya ndani ya magneto. Moto upo na petroli ipo? Angalia valvu, soma hapa chini.

KIKI NI LAINI SANA

Ukiweka kidole gumba kwa shimo la plagi, mtu akipiga kiki kidole kinafaa kusukumwa kwa nguvu. Kama unaweza kuzuia bila taabu, tia kijiko kimoja cha oili kwa hilo shimo, piga kiki kadhaa oili isambae, upime tena. Imekuwa ngumu? Ringi, ama silinda imelika. Haijabadilika? Valvu.

Usikimbilie kusaga valvu, anza na klirensi, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, zungusha magneto mpaka alama ya T ikae mahali pake na roka zote mbili ziwe zinacheza kidogo. Kama moja imekaza, uko kwa mzunguko mbaya, zungusha mara moja nzima uangalie tena. CG125 inataka milimita 0.08 kwa zote mbili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupima pengo, ipite ikishikwa shikwa kidogo. Valvu iliyokaza haifungi ikipata joto, kwa hivyo inapoteza kompresheni ikiwa moto tu, na watu wanasema injini imechoka, wananunua pistoni, na shida ilikuwa nati moja na fila geji.

MOSHI

Asubuhi ukiwasha na moshi mweupe unaisha kwa dakika chache, huo ni unyevu kwa ekzosti, achana nao, hii injini haina hata maji ya kupoza. Mweusi ni petroli imezidi: choki imekwama, floti inafurisha, filta ya hewa imejaa vumbi. Wa bluu ni oili. Ukitoka tu wakati wa kuwasha ama ukiachilia aksileta kwa mteremko kisha ukavuta tena, sili za valvu zimekauka. Ukitoka wakati injini imebeba, ukipanda kilima na mzigo, ni ringi. Tu-stroki yenyewe moshi kidogo wa bluu ni kawaida yake.

KLACHI NA TAA

Pikipiki iliyolala, plati za klachi zinashikana. Unavuta klachi, unaweka giya ya kwanza, inaruka na inazima. Washa ikiwa nyutro ipate joto, izime, weka giya, vuta klachi na uisukume mbele nyuma mpaka uskie imeachia. Ikiwa kinyume, yaani inanguruma juu na haiendi, uliza ni oili gani imewekwa. Zile oili za gari za kupunguza matumizi ya mafuta zina kitu cha kuteleza na klachi ya pikipiki inaogelea kwa oili hiyo hiyo. Tafuta chupa imeandikwa JASO MA.

Bulbu zinaungua ukivuta aksileta? Kwanza hakikisha si bulbu za volti 6 kwa mfumo wa 12, za zamani nyingi ni 6. Kisha ni rektifaya (ile ya kudhibiti umeme wa kuchaji), ama betri imekufa. Ukiwa na mita, kwa mfumo wa 12 betri ikichajiwa isipite sana 14.5. Taa zikififia zote pamoja, kwaruza mahali waya ya athi imefungwa kwa fremu kabla hujanunua chochote, watu walipaka rangi juu ya athi.

Breki sitarefusha. Fungua dramu zote mbili, usipulize vumbi ya shuu na mdomo, za zamani zilikuwa na asbesto, panguza na kitambaa chenye maji. Tairi angalia namba nne za mwisho ubavuni, 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009, hiyo hata kama kashata zake ziko juu usiende nayo Kakamega.

KISUMU IKO SAWA, MAU SUMMIT INALEMEWA

Hii si ugonjwa lakini watu wanaitibu kama ugonjwa. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na ukipitia Timboroa unavuka 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi na kabureta haijui, inamwaga petroli ile ile, kwa hivyo inakosa nguvu, inamisi, na plagi inatoka nyeusi kavu. Kama unasafiri siku moja tu vumilia. Kama unahamia Nakuru nayo, fungua kabureta, kwa sindano kuna klipu, ipandishe tundu moja ili sindano ishuke, ama kama sindano yako haina matundu tafuta jeti kubwa iliyo namba moja chini. Endesha kilomita chache, zima ukiwa bado umevuta klachi, toa plagi uangalie. Rangi ya kahawia nyepesi, umefika. Ikiwa nyeupe umepunguza kupita kiasi, injini itachemka na pistoni itatoboka, rudisha klipu. Na siku utairudisha Kisumu, irudishe pia.